Mama Anafunga Safari ya Lebda

Barabara ya Nane,
Ngamiani, Tanga.
Jumatano, 6 Aprili 1955
(Shaaban 13, 1374)

Mpendwa mdogo wangu Uweso,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo yako imefika, nami nimeiitikia kwa sauti hapa jikoni peke yangu: marahaba, marahaba, mwana wa mgongoni kwangu. Hujambo? Mkeo Mabruka hajambo? Mimba inamwendeaje, anakula, analala? Baridi ya huko imekwisha au bado mnajifunika mablanketi? Sisi huku ni wazima, Alhamdulillahi. Masika yameanza, na paa la uani linavuja pale pale lilipokuwa likivuja ulipokuwa mdogo. Mama bado anasema litatengenezwa kesho.

Mama mwenyewe hajambo kwa umri wake. Magoti yanamsumbua na macho yana ukungu, ila mdomo haujapata ugonjwa wowote.

Barua yako ya mwezi wa Rajabu tumeipata, na sijui nikushukuru kwa lipi kwanza. Asante kwa ile karatasi ya mwaliko yenye mhuri wa serikali ya Libya. Asante kwa mafuta ya zeituni uliyoyapitisha kwa mahujaji mwaka jana. Wewe uliandika ni ya kupikia, Mama akasema mafuta mazuri namna hii hayaingii chunguni, akayapeleka magotini, na kweli sasa anainuka bila kushika ukuta. Na zaidi ya yote nakushukuru kwa kuandika kila Idi, miaka yote hii, na huku Mama hajakujibu hata mara moja. Mtu mwingine angekata tamaa. Kila barua yako nimemsomea mara mbili, ya pili kwa kuamriwa.

Najua macho yako yametangulia chini ya karatasi yakitafuta neno moja tu: radhi. Ndugu yangu, sitakuzungusha. Mama bado hajalitamka. Tangu ile asubuhi aliyokutuma sokoni ukanunue samaki, nawe ukapitiliza mpaka kwa waandikishaji wa jeshi, ukaondoka na lori lao kwenda vitani bila kumuaga, na vita vilipokwisha ukabaki huko huko Libya, hajakutaja kwa ubaya hata siku moja, lakini radhi hajatoa. Nikimgusia, ananyanyuka kwenda kutazama moto, hata kama hakuna kilichoinjikwa.

Nilisoma uliyoandika juu ya watoto wale wawili mliowazika, nikalia. Mwalimu wetu wa chuo anasema mtoto ni amana ya Mungu, aliyetoa ndiye aliyetwaa, mtu asijihukumu mwenyewe. Mimi namwamini Mwalimu. Lakini naujua na moyo wako, unadhani waliondoka kwa kukosa radhi. Mabruka atajifungua ndani ya Ramadhani, na sisi hatuwezi kufika huko ila baada ya Hija. Wewe unataka neno la mama limtangulie mtoto. Hujakosea kutaka, wazee wamesema radhi ni bora kuliko mali. Nimejaribu kwa ulimi mtamu, nimejaribu kwa ulimi mkali, nimeshindwa mwenzio.

Ila nikuibie siri. Juzi nilimkuta uani anachana kanga zake kuukuu, zile laini, anazikunja moja moja. Nikamwuliza, za nini, Mama? Akasema za kufutia taa. Uweso, nyumba hii ina taa mbili! Zile ni winda za mtoto, tena zinatosha mapacha. Nilijifanya sijaona.

Sasa habari ya safari. Mjomba Kombo amenuia Hija mwaka huu, na amekuja kutoka Mkwaja kutuambia kuwa atatuchukua mimi na Mama. Mungu ampe kheri, maana wanawake wawili hatuwezi kwenda bila maharimu, na yeye anatufaa sote, Mama ni dada yake na mimi ni mwana wa dada yake. Meli tutaipanda Mombasa mpaka Jeddah. Tukishahiji tutavuka kwenda Suez, tupite Misri mpaka Iskandaria, na kutoka hapo ni gari mpaka kwako. Yote haya ametuulizia Mselem, mtoto wa marehemu ami yetu, ambaye sasa ni karani bandarini. Mselem alijaribu kumtisha Mama kuwa njia ile ni jangwa tupu, mchana na usiku. Mama akamwambia, "Kama jeshi lilipita, nami nitapita."

Picha ya pasi ilitupa kazi. Mama alikataa katakata kufunua uso mbele ya mpiga picha. Yule Mhindi alikuwa mtu mwema, akatengeneza kila kitu, kisha akatoka nje akasimama barazani, mkewe ndiye aliyebonyeza. Mama ametoka amekunja uso kama anayedaiwa. Mimi nimetoka mzuri, Mungu anisamehe kwa kujisifu. Chanjo nazo tumechanjwa. Mama hakulia, aliyelia ni Mjomba Kombo.

Mizigo ndiyo inayotugombanisha. Tangu uandike kuwa huko hakuna minazi, Mama ameshikwa na huruma isiyo kifani. Anataka kuja na kikapu cha nazi, na mbuzi ya kukunia. Nimemwambia, Mama, tutapita Makka na mbuzi ya kukunia nazi? Akanijibu, "Kwani Makka imekatazwa?" Basi mbuzi inakuja. Mwandae Mabruka asije akaikalia akidhani ni kiti cha wageni. Hata akiikalia hajakosea sana, ila akae mkao wetu.

Halafu ile picha yako. Lo, Uweso! Wewe na kofia yako, umenenepa mashallah, na ubavuni kwako mwanamke wa jiwe, mrefu, nguo imemwangukia vizuri mpaka miguuni, hana kichwa wala mikono. Si ungeandika neno nyuma ya picha? Mama aliisogeza mpaka puani, akaitazama weee, kisha akaniuliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu, "Mwatumu, mbona mkwe wangu hana kichwa?"

Nilicheka hata nikakaa chini. Lakini nilipomweleza kuwa ni sanamu la Warumi wa kale, na kuwa wewe ndiye mlinzi wa mji wao uliobomoka hapo Lebda, kicheko kiliishia hapo. "Kwa hiyo mwanangu anachunga masanamu?" Akaigeuza picha ukutani. Akasema Hija atahiji, lakini baada ya hapo anarudi Tanga, hawezi kulala nyumba ya mtu anayelishwa na masanamu. Mjomba Kombo alimweleza, Mwalimu akamweleza kuwa kulinda jiwe si kuliabudu. Alikuwa akiwasikiliza kwa adabu, wakitoka anasema, "Wamekwisha?"

Kilichomgeuza ni Tongoni. Unaikumbuka desturi yetu ya Shaaban, kuzuru makaburi ya wazee kabla ya Ramadhani. Tulikwenda Jumapili kwa gari la Pangani, na ubani, na marashi, na mafagio yetu. Msikiti ule wa kale umezidi kuanguka, mizizi imeingia mpaka kwenye kibla. Mama alianza kufagia makaburi kama ilivyo ada yake, ameinama na magoti yale yale. Nikamwuliza, waliolala hapa unawajua majina? Akasema hamjui hata mmoja, ni watu wa zamani tu, mji wao ulikufa. Nikasema, basi Babu alikuwa akipafagia kwa nini? Akajibu bila kufikiri, "Mji ukifa, lazima abaki mtu wa kufagia."

Akaendelea kufagia, polepole kuliko mwanzo. Nami nikashika fagio langu, maana nimejifunza kutomsukuma. Tulipokuwa tunarudi, garini, akasema kama anayejisemea, "Basi Uweso anafagia tu." Nikasema ndiyo, Mama, anafagia tu. Tulipofika nyumbani akaigeuza picha itazame watu. Lakini yule mwanamke wa jiwe amembandikia karatasi, anasema nguo ile imembana.

Kesho anaanza kuzunguka kuomba radhi kwa watu, kama ada ya mtu aendaye Hija, asiondoke na kinyongo cha mtu. Orodha ya aliowagombeza unaijua, haitaisha kwa siku moja.

Nisalimie Mabruka, mwambie wifi yake anamshukuru kwa kukutunza. Huku wanakusalimu Mjomba Kombo, Mselem na watoto wake, na Mama Anjela wa Pongwe, yule aliyekuwa akituletea maziwa, anasema anakuombea kwa dini yake nasi tunakuombea kwa yetu. Mungu amfungue Mabruka salama, akupe mtoto wa kukaa. Amina.

*

Ijumaa, Shaaban 15

Uweso, barua nilikwisha kuifunga. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, usishangae makunyanzi.

Jana Mama alizunguka Ngamiani nzima, mkono mmoja kwenye bakora na mmoja begani kwangu. Kila nyumba alisimama mlangoni akasema, nilichokukosea niradhi, nami nimekuradhi. Wengine hawakukumbuka hata waligombania nini. Ikabaki nyumba ya Bi Mastura, hapa ng'ambo ya barabara tu. Bi Mastura alihamia baada ya wewe kuondoka, humjui. Yeye na Mama hawasemezani tangu kuku wake walipoudonoa mpunga wetu ulioanikwa juani, Mama akawarushia mchi. Wamekuwa wakipishana kama hawaonani.

Mama alivuka, akabisha hodi. Bi Mastura akatoka na unga mikononi. Mama akasema, "Mastura, nakwenda Hija. Nilichokukosea niradhi." Yule bibi akamkumbatia, wakalia wote wawili, buibui la Mama likawa jeupe kwa unga. Akasema, "Nimekuradhi, Bi Chiku, duniani na akhera." Basi angeishia hapo. Lakini Bi Mastura hana breki. Akaongeza, "Umezunguka mji mzima kuomba radhi. Na yule wa Libya anayekuomba wewe, umempa?"

Nilidhani leo mchi utaruka tena. Mama aligeuka, akashika bakora yake. Alirudi nyumbani, hakula.

Leo asubuhi, baada ya sala, nafagia uani, amekuja akasimama nyuma yangu. "Barua ya Uweso imeondoka?" Nikasema bado. "Ifungue." Akakaa mkekani, nami naandika alivyotamka, sikuongeza wala sikupunguza.

"Mwambie sikumnyima kwa hasira. Hasira ilikwisha kabla meli yao haijatoka Mombasa. Nilimwekea. Nilisema, mtu akiwa na haki yake kwao, hata akae mbali vipi, iko siku atarudi kuidai. Ningempa mapema, angetulia huko, nami ningebaki na nini cha kumvutia? Hata safari hii nilikusudia hivyo hivyo. Nimwambie, panda gari turudi, radhi utaipata ukishakanyaga Ngamiani."

Miaka yote hii nilidhani ni ukali. Mimi ninayelala naye chumba kimoja sikujua.

Akasema, "Amewazika wawili, akidhani ni mimi. Uchungu wa mwana naujua, nimeacha auonje mara mbili, basi. Inatosha. Andika."

Haya, ndugu yangu, kaa chini usome:

Mimi Chiku, mamake Uweso bin Shehe, nimemradhi mwanangu duniani na akhera, bila sharti. Maziwa yangu aliyonyonya ni halali yake. Akae alipokaa, azae, alee. Na mtoto wake asije akaambiwa kuwa bibi yake alichelewa.

Alipomaliza alikuwa ametua, Uweso, ametua kabisa, sijamwona hivyo tangu Baba hajafa. Alhamdulillahi, na tena Alhamdulillahi. Nilimbusu mikono, akaninyang'anya, akasema nisimlowanishe.

Kisha nikaogopa. Nikamwuliza, je, Mama, safari ya Libya ndiyo imekufa? Tuhiji turudi?

Akanitazama kama aliyeona mwenda wazimu. "Ife kwa nini? Mwanzo nilikuwa nakwenda kumchukua. Sasa nakwenda kumwona."

Nakimbilia posta kabla ya sala ya Ijumaa. Maneno yake msomee Mabruka kwa Kiswahili kwanza, kama yalivyo, ndipo umfasirie.

Mimi ni dada yako, nikupendaye tangu nikikubeba mgongoni,

Mwatumu binti Shehe