Maombi ya Mke Wangu Sikuyatuma

Mpendwa mama mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika, maana nimemkosea mke wangu na kadiri anavyozidi kunitendea mema ndivyo ninavyozidi kushindwa kusema. Mimi ni fundi seremala hapa Kyimo, mke wangu Atuganile ana shahada ya uzamivu ya kemia, anapiga hesabu kwenye kompyuta kujua hewa inavyonasa juu ya chuma na kugeuka kitu kingine, anasema siku moja mbolea itatengenezwa bila kuchoma moto mwingi. Mwezi uliopita aliona nafasi ya utafiti kwa waliomaliza uzamivu, miaka miwili Ujerumani, mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa hii, akaandika maombi huku akimnyonyesha mtoto wetu Neema, na kwa kuwa mvua ilikata mtandao nyumbani akanipa flashi nikayatume kwenye steshenari moja Tukuyu mjini. Nilikaa mbele ya kompyuta, kila kitu tayari, nikawaza atarudi akinionaje mimi wa vumbi la mbao, kama atarudi, nikachomoa flashi nikaondoka.

"Yamekwenda?" akauliza.

"Yamekwenda," nikasema.

Akanikumbatia mbele ya mama yangu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kabla. Hajaangalia kama kweli yamefika, ananiamini, anaimba jikoni. Nikisema ataniacha, nisiposema nitaishi naye vipi?

Ambindwile, Kyimo

Ambindwile, barua yako ilinifika Jumanne na sikungoja gazeti, nilikupigia simu papo hapo. Nikakuambia, "Weka randa chini, nenda kamwambie." Ukaanza, "Mama, nikimaliza hiki kitanda..." Nikakukemea, na sijutii. Pole yangu unayo, mwanangu, kuogopa kuachwa si dhambi. Lakini ulimdanganya mtu aliyekuamini kabisa, na usilifunike hilo kwa kusema unampenda.

Alhamisi ulinipigia. Ulipomwambia Atuganile alilia, kisha akambeba mtoto mgongoni, mkaenda mjini pamoja, akayatuma kwa mkono wake. Mkiwa njiani kurudi akakuuliza, "Kwa nini hukuniambia tu kwamba unaogopa?" Lile swali bado linakudai, lijibu. Barua hii imechapwa kwa ruhusa yake.

Sasa nisikilize. Usimharakishe kukusamehe, siku za kupona anazijua yeye. Jifunze kumwogesha Neema na kumpikia uji kuanzia leo, usingoje tiketi. Muulize kama mnaweza kwenda wote watatu, maana katika hofu yako yote hukuwahi hata kuuliza. Na wakimkataa, usithubutu kufurahi, hata moyoni. Mkumbatie, mwache alie, kisha keti naye mtafute nafasi nyingine.