Hotuba Nane Kabla ya Mvua

Manga, 14 Agosti 2023

Kwa Gesare binti yangu,

Salamu. Mimi mzima, magoti tu. Ndege ndiyo si nzima.

Miaka sita nimeijenga, mabawa matatu moja juu ya lingine. Unajua daktari wa macho alivyosema: nitaona mwaka huu tu, basi. Nilikwambia nitaruka nayo kutoka ukingoni mwa mwamba wa Manga Jumamosi, saa moja asubuhi. Wewe ukaleta hema, kwaya na MCA, diwani wetu. Hotuba nane! Hata Ombati muuza simiti alipewa maiki. Saa nane mvua ikaja kama kila siku, gundi ikalainika, mabawa yakaanguka mbele ya watu. Walicheka, Gesare. Usinipigie simu, sitashika.

Baba yako,
Mwalimu Obwocha

Kisii mjini, 20 Agosti 2023

Tata,

Natumaini magoti yana nafuu. Nimempa Eric wa bodaboda dawa ya kuchua akuletee. Wageni niliwaalika kwa heshima yako. Na wewe, mwalimu wa useremala mzima, gundi ya unga wa muhogo? Usinitupie mimi lawama zote.

Binti yako

Manga, 3 Septemba 2023

Gesare,

Dawa yako nimeirudisha. Ratiba ilikuwa na hotuba tatu. MCA anasema alishakaa, ukamrudishia maiki mara mbili. Kwa nini?

Baba yako

Kisii mjini, 9 Septemba 2023

Tata,

Hujaniuliza hali, basi nami naingia moja kwa moja. Ni mimi. Nimezaliwa Manga, mvua yake naijua. Kila aliyemaliza kuongea nilimtafuta mwingine, huku nikitazama mawingu. Uliwahi kujiuliza nani angekuokota kule chini? Nuna unavyotaka. Heri baba aliyenuna kuliko baba wa kuzika.

Binti yako

Manga, 30 Januari 2024

Gesare,

Hamjambo huko? Watoto wanaendelea vizuri? Anayeandika ni jirani yetu Persis, mimi natamka tu. Macho yameisha. Mbao za ndege tunapikia.

Bado nina hasira. Persis anataka kulainisha maneno, nimemkataza. Kila Krismasi uliingia karakana, ukainama chini ya bawa, ukaniwekea chai juu ya meza ya randa. Wengine waliniita kichaa, nikawazoea. Wewe ulisema, "Kunywa kabla haijapoa," ukatoka. Hukusema hata siku moja, "Tata, usipande, naogopa."

Ungesema, ningeiacha.

Baba yako