Jibu la Zaituni Kuhusu Kitovu cha Dunia

Ujiji, Jumanne

Basi nimekwenda, na nimesema. Tangu nisome kitabu cha fizikia cha mjukuu wangu, sikuwa na raha. Miaka yote nilifundisha kwamba kadiri mtu anavyoshuka ardhini ndivyo uzito wake unavyozidi, hadi kitovu cha dunia. Mwanafunzi mmoja, Zaituni, alikataa. Alisema pale katikati dunia inamvuta mtu pande zote sawasawa, kwa hiyo hana uzito wowote. Nilimchapa kwa ubishi.

Leo nimemkuta ufukweni pa Kasingirima akianika dagaa na wenzake, mama mtu mzima sasa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Zaituni, jibu lako la kitovu cha dunia lilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea."

Nilihofu kwamba angenicheka mbele ya wenzake. Akanicheka kweli.

"Mwalimu! Na zile fimbo je?"

"Siwezi kuzirudisha."

"Basi nigeuzie dagaa wa chanja ile, yaishe."

Nikakunja mikono ya shati, nikageuza. Mgongo unauma, lakini nitalala vizuri. Alinikosoa mara mbili namna ya kuwatandaza, nami sikubisha.