Mfuko Uliobembelezwa

Kaka yangu,

Paka wako amezaa tena, chini ya kitanda chako kama kawaida. Na seli za uboho wa mifupa ulizomtolea Mama zilifika salama.

Muuguzi alisema mfuko wenye seli hizo usipotikiswa polepole, seli hutuama chini na kugandamana kabla hazijamwingia mgonjwa. Ukitikiswa kwa nguvu, zinapondeka. Mkono wa muuguzi ulipochoka, Baba akaomba kushika. Ndiyo, Baba yuleyule aliyekufukuza.

Aliubembeleza saa nzima, hata kiti alikikataa. Mama akamtania, "Mwanao mwenyewe hukumbembeleza hivyo hata siku moja."

Tone la mwisho lilipokwisha, Baba akaendelea kuubembeleza mfuko mtupu.

Daktari atatuambia baada ya wiki tatu kama seli zimeshika mwilini mwa Mama. Wewe usisubiri majibu. Njoo.

Mdogo wako,
Kitindamimba