Alama za Watu Walioinama

Jumanne, 4 Juni

Leo kamba imejaa mpaka vibanio vinagongana! Sijawahi kuona Jumanne ya namna hii.

Kamba ni ile ile niliyoifunga ukutani pembeni ya kioo kikubwa, na karatasi za namba, moja mpaka kumi. Mteja akimalizwa nywele anachukua kibanio, anakibana kwenye namba anayoona filamu inastahili, anatoa sababu, ndipo anakwenda zake. Sababu ni lazima. Hakuna kubana na kuondoka kimya, hii si kura.

Filamu ya leo: ile ya jambazi mwenye mbwa. Majina ya filamu hapa saluni hayashiki, kila moja tunaiita tulivyoiona. Mwalimu wa hesabu kabana kati ya sita na saba, kisha akakirudisha kidogo upande wa sita. Sita na robo, kasema. Alama zimepungua kwa sababu risasi za jambazi ni nyingi kuliko bunduki inavyoweza kubeba, na yeye alikuwa anahesabu. Mama Pacha katoa nne — jambazi analala na viatu kitandani, na shuka ni nyeupe. Halafu yupo dada mmoja aliyekuja kuosha tu. Kaona kipande cha mbwa, kabana tisa. Shampuu (ndiyo jina tulilompa msaidizi wangu wa kwenye masinki) kanuna, kataka kile kibanio kitolewe. Nikakataa. Mtu anatoa alama kwa alichokiona. Kichwa cha rasta ndogo ndogo kinaona filamu mbili na kipande. Kichwa cha kuosha kinaona mbwa. Ndiyo saluni.

Wale wanaokwenda kukaa gizani kwenye ukumbi, wakanyamaza mpaka mwisho, nawaonea huruma. Raha ya filamu ni kubishana.

Jumatano, 5 Juni

Kitinda kaja. Mdogo wangu wa mwisho — kamaliza filamu yake! Ya kwake mwenyewe. Kaiandika, kaipiga, kaikatakata kwenye kompyuta mwaka mzima. Kaniwekea flashi mkononi kama anayekabidhi mtoto mchanga. Nikarukaruka mpaka mteja akasema nimwachie sikio lake, nina chanuo mkononi.

Ana ombi. Mama akija kusuka, niiweke. Nisiseme ni ya nani. Kisha nimwambie Mama kabana wapi.

Namwelewa. Ile kazi yake ya kwanza, ile fupi, alimpa Mama simu aangalie. Mama akaangalia huku anapiga pasi, akasema nzuri mwanangu, akarudisha simu. Nzuri mwanangu! Mama huyu huyu ambaye mtu kwenye filamu akiacha bomba linatiririka anamkata alama mbili. Mama ambaye hajawahi kuvuka sita, na hiyo sita katoa mara moja tu, kwa filamu ambayo mtu alikula chakula alichopika. Kitinda anasema alisifiwa kama mtoto aliyechora nyumba. Na ni kweli, tangu aache chuo cha uhasibu Mama humuuliza kila kitu — kula, kulala, kikohozi — ila kazi hamuulizi.

Kasema hata akipewa mbili, iwe mbili ya kweli. Na ikiwa mbili? Basi, pale anapofanya kazi ya kupiga picha za matangazo, bosi wake anatafuta mtu wa ofisi ya hesabu. Atarudi kwenye hesabu, hatanung'unika.

Simpendi anapoongea hivyo. Lakini nimekubali.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeiangalia asubuhi kabla ya kufungua. Peke yangu, mlango nimeufunga kwa ndani.

Ni mwanamke mmoja, siku yake ya mwisho kazini, kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hospitali. Basi. Anapakia mashine, anatoa, anakunja. Anakunja na mwenzake, mmoja huku mmoja kule, wanasogeleana, wanaachana, wanasogeleana. Maneno machache mno. Jioni anavua aproni, anaitundika, anarudi kuichukua, anaitundika tena.

Nililia, na sioni aibu kuandika. Mama kafua mashuka ya hospitali tangu mimi sijaota meno mpaka alipostaafu. Tulikuwa tunamngoja getini, Kitinda mgongoni kwangu. Kumbe huyu mtoto alikuwa anaangalia!

Nikabana kumi. Kisha nikakitoa haraka, maana Shampuu alikuwa anagonga mlango.

Kitinda kasema asionyeshwe mtu mwingine kabla ya Mama. Lakini zamu ya Mama ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nitavumiliaje?

Jumamosi, 8 Juni

Sikuvumilia.

Saluni ilifurika, kila kiti kina mtu, drayer zote za kukaushia nywele zinanguruma. Nikasema hapa hapa. Wabane nane, wabane tisa, nimpelekee Kitinda cha kumtia moyo wiki nzima. Nikachomeka flashi.

Loo.

Mama Pacha: mbili. Kasema TV imeharibika sauti, anasikia kitu kinazunguka tu. Mteja wa chini ya drayer: tatu, kwa sababu hapendi kuvunja mtu moyo. Bi harusi mtarajiwa: moja. Kaambulia ndoo na miguu ya watu. Mwalimu wa hesabu katoa sifuri, ambayo hata haipo kwenye kamba — kaibana kwenye msumari unaoshika kamba. Hakuna kilichotokea, kasema, na sifuri ni jibu halali.

Nilitaka kuwarukia. Shampuu kanishika mkono, hajui hata kwa nini.

Jioni Kitinda kapiga simu, anauliza tu kama flashi inasoma. Ningesema inasoma, yakaisha. Mimi na mdomo wangu! Nikamwambia yote, mpaka msumari. Kasema ahsante dada, kakata. Angenifokea ningeweza kulala.

Jumatatu, 10 Juni

Jumatatu hatufungui. Nilikwenda kufagia, nikachoka, nikakaa kwenye kiti cha wateja. Nikaiweka tena filamu ya Kitinda ili nijue wenzangu waliona nini. Nikainamisha kichwa kama ninavyowainamisha wao.

Nikaona magoti yangu.

Mjinga mimi! Mjinga wa daraja la kwanza! Rasta zinaanzia kisogoni. Kidevu kifuani, macho kwenye zulia, mpaka nusu ya kichwa iishe. Filamu zetu zote hapa zinaonwa kwa masikio — jambazi anafoka, mbwa anabweka, mtu anajua hadithi imefika wapi. Aliye chini ya drayer anaona lakini hasikii, naye anaulizia kwa jirani. Hii ya Kitinda haina cha kuulizia. Nimewapa watu walioinama filamu ya kutazamwa! Ile sifuri ni ya zulia langu.

Nikafunga mbio mpaka kwa Kitinda, na ufagio nimeusahau mkononi. Nikamweleza kabla sijakaa. Hakunielewa, nikamwinamisha kichwa kwa nguvu aone mwenyewe. Kacheka, na mimi nikapumua. Lakini kasema ameshamwambia bosi atachukua ile nafasi ya hesabu. Bosi anangoja tu asaini.

Nikamwambia ngoja kwanza Mama aione. Kasema Mama naye atainama.

Hapo ndipo penye kazi.

Alhamisi, 13 Juni

Nimepata! Nitamwanzia Mama mbele. Kichwa juu, macho kwenye TV, drayer zizimwe, wateja wengine waje mchana. Shampuu kasema hakuna msusi mwenye akili zake anayeanzia rasta mbele, zitamwangukia usoni na mimi mwenyewe zitanizuia. Nitazibana. Vibanio ni vya kazi gani?

Kitinda kasema haji. Baadaye kaandika kwenye simu kwamba anakuja, ila atakaa nyuma ya pazia la masinki.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika hapa hapa saluni, kwenye kiti cha drayer, kwa penseli ya nyusi maana kalamu siioni. Nisipoandika sasa nitapasuka.

Mama kafika asubuhi. Kitinda tayari yuko nyuma ya pazia na Shampuu. Shikamoo, marahaba, Mama kaupigapiga mto wa kiti, kakaa. Nikaanza kugawa nywele za mbele.

"Unafanya nini?"

"Naanzia mbele leo, Mama. Ndiyo mtindo mpya."

"Mtindo wa nani? Zote zinidondokee machoni? Anzia nyuma."

"Nitazibana, Mama, hutazisikia hata—"

"Mwanangu, nimekuja kusuka, sikuja kujaribiwa. Anzia nyuma."

Na kichwa kakiinamisha mwenyewe. Mimi ni nani nikiinue kichwa cha mama yangu? Flashi nilishaichomeka. Filamu ikaanza, na Mama anatazama zulia. Mstari wa kwanza nikaugawa umepinda.

Mashine kwenye TV inazunguka, gudu, gudu. Nikawa nangoja aseme TV imeharibika sauti.

"Hiyo wameijaza sana," Mama kasema, kainama vile vile.

"Nini, Mama?"

"Mashine. Husikii inapiga upande mmoja? Mashuka yamejikusanya. Aizime, ayapange upya."

Na kweli! Kwenye TV yule mwanamke akaizima, akafungua, akaanza kuyapanga. Mama hakuona. Kasikia tu mlango wa mashine, kasema ehe.

Halafu kainua kichwa. Rasta ikanichomoka vidoleni, ikaanza kufumuka, wala hakujali. Mama ambaye hutukana wezi wa kwenye filamu kwa sauti, leo kaangalia mpaka mwisho bila neno. Ile sehemu ya aproni kashika pindo la kitambaa nilichomfunga shingoni, hakuliachia mpaka TV ikawa nyeusi. Sikumpa kibanio. Niliogopa.

"Nani kafanya hii?"

"Nimeipata kwa mtu tu."

"Mtu." Kanitazama kwenye kioo. "Mwambie huyo mtu atoke huko kwenye masinki. Pana unyevu, na kifua chake nakijua."

Kitinda katoka, kasimama karibu na kamba, mikono hajui aiweke wapi. Mimi nikafumba macho. Nilijua sasa inakuja ile nzuri mwanangu, na kesho Kitinda anasaini.

"Pale kwenye kukunja umekosea," Mama kasema.

Nikafumbua.

"Nimekosea wapi, Mama?"

"Wanasogeleana wote wawili. Hakuna kazi inayokwenda hivyo. Mashuka ya wodi nzima, mpaka saa sita wote hawana miguu ya kusimamia. Mmoja anasimama, mwenzake ndiye anayekwenda. Halafu mnabadilishana. Na aproni ya yule mama haina mfuko. Vitu anavyovikuta kwenye mashuka anaweka wapi? Sisi tulikuta pete. Tulikuta meno ya bandia, mwenyewe anayatafuta wodini. Rudisha nyuma nikuonyeshe."

Sijawahi kuona mtu anakosolewa anang'aa vile. Kitinda kapiga magoti mbele ya TV, rimoti mkononi. Pembe zilikuwa zinashikwaje? Nani alikuwa anasimama, mkubwa au mdogo? Mwenye meno alipatikana? Mama anajibu yote. Kisha naye kaanza kuuliza. Yule mwanamke umemtoa wapi, mbona anatembea kama mimi. Kamera ulipewa ruhusa na nani. Taa alikushikia nani, na mlikuwa mnakula nini siku nzima humo ndani. Anauliza kazi! Tangu Kitinda aache chuo, leo Mama anauliza kazi!

Mwalimu wa hesabu kaja kwa zamu yake, kasimama mlangoni na mkoba. Kauliza kwa sauti ya chini kama ndiyo ile ya sifuri. Nikamwambia aingie, akae, na leo kichwa chake kibaki juu mpaka nitakaposema.

Sasa hivi Mama kasimama katikati ya saluni, kisogo nusu kimesukwa nusu kimetimka. Kachukua taulo kubwa kwenye rafu, kampa Kitinda pembe mbili, kashika zake mbili, karudi nyuma mpaka mlangoni. Shampuu ananiuliza kama aendelee kuzuia wateja nje. Sijui. Simu ya Kitinda inaita kwenye meza ya vioo, jina la bosi limetokea, na hakuna anayeitazama ila mimi.

Wamelinyoosha taulo. Kitinda kasahau, kapiga hatua moja mbele. Mama kamsimamisha. Kamwambia arudi pale pale alipokuwa, akae na pembe zake, asisogee hata kidogo.

"Wewe simama," anasema. "Mimi ndiye ninayekuja."