Mahali Jiwe Lilipokuwa

Mwanangu Chinatsu,

Pokea salamu za mvua, maana huku Nagibe mvua ya mwezi wa sita imekataa kuondoka, na hata mito ya hospitali inanuka ukungu. Natumai huko Osaka kifua hakikubani tena, na kwamba unakula ukiwa umekaa, si ile mikate ya dukani unayoimeza ukikimbilia treni. Mimi bado nipo. Tangu daktari anipasue koo sauti haijarudi na haitarudi, kwa hiyo nazungumza kwa kibao na kalamu ya wino unaofutika. Nesi Nishigawa ananitania kwamba wazee wote wa wodi hii niliwafundisha mimi, na sasa wanalala raha mustarehe kwa kuwa mwalimu hatimaye amenyamaza. Nacheka, lakini hakitoki kitu.

Ukiona mwandiko unayumba, ni mkono huo, si akili. Tafadhali lishike neno hili, kwa sababu wapo watakaokuambia vingine.

Mama yako aliniletea sura ya tatu ya tasnifu yako pamoja na samaki aliyemkata vipande vidogo vidogo kama vya mtoto mchanga. Akasema, "Shemeji, mwenyewe kasema usimsifu, umsahihishe." Nilisoma kwa furaha mpaka nilipofika kwenye jiwe. Tangu hapo chakula hakipiti, na safari hii si kwa sababu ya koo.

Umeandika kwamba jiwe la ukumbusho lililo kando ya ukumbi wa kijiji limesimama mahali maji ya tsunami kuu ya zamani yalipokomea, na kwa hiyo kimo cha wimbi lile hapa Nagibe kinaweza kukokotolewa kuanzia pale. Tena umeandika kwa uangalifu kwamba hukutegemea ukurasa mmoja wa mtandao. Umetaja saba: wa mji, wa shule, wa kamusi elezo, orodha ya mawe ya chuo kikuu kimoja, na tatu za wasafiri na wapenzi wa historia. Umeziita "vyanzo saba vinavyojitegemea." Mwanangu, hilo neno la mwisho ndilo linaloninyima amani.

Nilimwomba nesi aniazime kompyuta bapa ya wodi, nikazisoma kurasa zote saba, moja baada ya nyingine. Zote zinasema jiwe lilisimamishwa na wapika chumvi. Si kweli. Lilisimamishwa na wachoma mkaa wa mlimani, na majina yao yamechongwa mgongoni mwa jiwe, upande ulioelekea ukuta wa ukumbi. Hiyo chumvi ni kosa langu mimi. Niliiandika katika ukurasa wa chama chetu cha historia nilipostaafu na kujifunza kuchapa, nikilichanganya jiwe letu na la kijiji kingine. Kila mtu akikosea peke yake, hukosea kwa namna yake. Ukiona watu saba wamekosea kosa lile lile, jua wamechota kisima kimoja. Na hakuna hata mmoja aliyekuja kuchungulia nyuma ya jiwe. Hata wewe, mtoto wa hapa. Nisamehe, ualimu hauponi.

Ingekuwa ni chumvi tu, ningekutumia kadi na utani juu yake. Lakini juzi mzee Yasuoka, mwenyekiti wetu wa kijiji, alikuja kunijulia hali na tikiti lililofungwa kwa utepe. Akaketi, akaanza kujisifu kwa niaba yako. Akasema chekechea itahamishwa kutoka ufukweni na kujengwa kwenye tuta la shamba lililo juu kidogo ya jiwe. Ramani ya mkoa imepapaka pale rangi nyekundu ya hatari, lakini hiyo, alisema, ni makisio ya watu wa ofisini wasiojua hata kupanda mtumbwi. Jiwe ni shahidi. Na Chinatsu wetu atakuja mwisho wa mwezi kuieleza halmashauri. "Binti wa Yoshimitsu, bwana! Yule aliyekuwa akilia akiona maji ya bafuni, leo anatufundisha bahari!"

Nikachukua kibao nikaandika: JIWE LILIHAMISHWA.

Akasoma. Akatazama mlangoni. Kisha akafuta maneno yangu kwa kiganja chake, taratibu, akanipigapiga bega. Akasema, "Mwalimu, hizo dawa za maumivu zinakuchezea. Lala. Mitihani ulishamaliza kusahihisha." Nikamsikia huko nje akimwambia nesi kwa huruma kwamba mzee ameanza kuchanganya mambo, wasishangae. Ndiyo maana nakuandikia leo, kabla ya sindano ya mchana.

Basi sikiliza. Ulikuwa hujazaliwa. Jiwe lilisimama juu sana ya pale unapolijua, na maandishi yake unayakumbuka: usijenge nyumba chini ya jiwe hili. Juu yake palikuwa na makaburi na mwamba mtupu. Wimbi la utotoni mwangu lilikuwa dogo, lililowesha vifundo vya miguu sokoni likarudi, kwa hiyo hofu ya wazee wetu ilikuwa imeanza kuonekana kama ushamba. Vijana waliooa hawakuwa na kiwanja. Baba yako alikuwa mmoja wao.

Mwaka ule barabara ya pwani ilipopanuliwa, wanaume walikaa kunywa baada ya kazi, na Yasuoka akasema, "Jiwe linakataza chini yake. Halisemi lenyewe likae wapi." Tulicheka mpaka machozi. Halafu kicheko kikaisha, wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa ni mimi niliyeweza kuyasoma yale maandishi ya kale. Ilitosha niseme hapana. Nilisema kwamba kwa maneno yalivyo, Yasuoka hakosei.

Wakaliteremsha kwa kamba na magogo, baba yako akiwa mbele. Mimi nilifuata nyuma nimebeba maua. Watu waliambiwa kwamba wazee hawawezi tena kupanda kule kutoa sadaka, na jambo hilo lilikuwa kweli, ndiyo sababu uongo wetu ulidumu. Nyumba zikajengwa. Yenu ilikuwa ya kwanza.

Hata hivyo, waliolihamisha walijua kwamba limehamishwa. Kosa lilikuwa bado lina wenyewe. Sasa wamekufa, tumebaki Yasuoka na mimi, na kijijini kuna watu wazima wasiojua. Kilichowaziba macho ni ule ukurasa wangu. Nilipofika mahali pa kueleza jiwe liko wapi, nilisimamisha vidole. Baba yako alikuwa bado analipa mkopo wa nyumba. Wewe ulikuwa msichana wa shule, unalala ndani yake. Nikaandika: "Limesimama pale pale maji yalipokomea." Nakiri hata nilipenda mlio wake. Ndiyo sentensi uliyoinukuu wewe, neno kwa neno, ukaiwekea tanbihi ya ukurasa wa mji. Nimeiona imerudi kwangu imevaa suti, na sikuweza kuiita uongo kwa sauti.

Kwa hiyo, pale wanapotaka kuweka watoto ni juu ya jiwe la leo, lakini ni chini kabisa ya jiwe la zamani.

Sitaki uandike "kwa mujibu wa baba yangu mkubwa." Mimi ni chanzo kimoja, kigonjwa, chenye dawa kichwani na hatia moyoni, na Yasuoka atakana. Nitilie shaka kama ilivyokupasa kuzitilia shaka zile saba. Nenda ukaone. Pita nyuma ya ukumbi, upande njia ya makaburi mpaka shamba la michungwa ya yuzu lililoachwa. Kwenye ukingo wake kuna mwamba bapa wenye tundu la mraba, labda sasa limejaa majani. Jiwe lina ulimi wa mraba chini yake, umefunikwa kwa saruji pale ukumbini. Pima tundu, uombe saruji ivunjwe, upime ulimi. Waambie wenzako wa chuo wachimbe matuta yaliyo katikati, watafute mchanga wa bahari ulioachwa na lile wimbi kuu. Kama upo au haupo, mimi sijui. Nenda na mtu asiye wa ukoo wetu. Na usipoliona tundu, au vipimo visipolingana, andika hivyo pia, uniache na dawa zangu.

Najua ninachokuomba. Sura yako itabomoka na msimu wa kuwasilisha umekaribia. Watu watasema umemvua nguo marehemu baba yako. Wajibu kwamba Yoshimitsu alitaka nyumba inayopata jua la asubuhi kwa ajili ya mkewe, na kwamba hakuandika neno hata moja. Aliyeandika ni mimi.

Nesi Nishigawa ameahidi kuipeleka barua hii posta mwenyewe. Nimemsihi asimkabidhi mgeni yeyote, hata akija na tikiti. Usinijibu kwanza. Panda kule kwanza.

Wasalimie wenzako wa chumba cha utafiti na profesa wako, mwambie mwalimu wa kijijini anamwomba radhi kwa kazi aliyomwongezea. Mama yako usimwambie kwa simu. Atakuambia mvua ipungue kwanza ndipo ahame, atauliza nani atabadilisha maji ya maua ya baba yako. Njoo umwambie ukiwa umemshika mkono, na usiku huo asilale tena katika nyumba ile.

Ni mimi, baba yako mkubwa,
Kusunose Tadaomi