Ripoti ya binti yangu mezani kwa mwalimu mkuu

Shoga, natoka shuleni sasa hivi.

Nimempelekea mwalimu mkuu ripoti ya vipimo vya binti yangu, ile inayosema ana disleksia, ile hali ya kupata shida kusoma maandishi. Hakusoma hata mstari. Kaifungua popote tu, kamsukumia mtoto niliyekwenda naye: "Haya, tusomee, tuuone huo ugonjwa."

Tusomee. Mbele ya karani na wazazi waliofuata fomu.

Mtoto kaweka kidole kwenye mstari, jasho linamtoka. "Mto... mtoto a... asi..." Karani akacheka. Kacheka, shoga.

Nikaichukua ile karatasi nikamalizia mwenyewe: "Mtoto asilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya watu."

Mwalimu mkuu akaanza kupanga kalamu zake.

Tumefika getini binti ananiuliza, "Mama, kwani na yeye hajui kusoma?"